Majina Mgongoni mwa Kiongozi

Nchi yenyewe siitaji jina, maana haijanikosea kitu na sitaki kuikosea. Ilikuwa na bendera, wimbo, uwanja mkubwa wa sherehe, na Wizara ya Sanamu, Shukrani na Viwanja. Wananchi wake walikuwa watu wenye furaha. Wasipokuwa nayo, walitangaziwa. Katika nchi hiyo aliishi fundi Kasiani, mchonga mawe, ambaye kwa miaka ishirini na sita aliwachonga viongozi wanne, wote kwa jiwe moja. Atakayeona ajabu atulie kidogo, nitamweleza.

Kiongozi wa Kwanza alitaka sanamu ya jiwe moja lisilo na kiungo, kwa sababu mwenzake wa nchi jirani alikuwa na ya viungo viwili na alishaanza kujidai. Kasiani, wakati huo kijana wa miaka thelathini, akatumwa Mlima Kigoda kuchagua. Akazunguka siku tatu akiyagonga mawe kwa nyundo na kuyasikiliza, kisha akanyoosha kidole, akasema, "Lile." Lilikuwa jeupe kama unga wa muhogo, refu kuliko nyumba. Wachimbaji kumi na mmoja wakaingia chini kulikata, wakiongozwa na Fabiani, kaka yake Kasiani wa tumbo moja. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, jiwe likatoka. Lilipotoka, upande wote wa mlima uliokuwa umeliegemea ukashuka nao.

Jiwe halikupata hata mkwaruzo. Watu kumi na mmoja hawakuonekana tena, hata kandambili zao hazikuonekana, na waliochimba kwa mikono siku sita waliambulia sufuria moja ya uji. Kasiani alikuwa juu, salama, na kile kidole chake. Mbele ya wazazi waliokaa chini kwenye vumbi akaapa kwamba kwa vile makaburi hayapo, atawachongea majina yao kwenye jiwe, na kila mama atapata mahali pa kuweka mkono. Baada ya siku ile hakutaka kitu kingine duniani.

Serikali iliguswa sana, ikaunda Tume. Tume ilikaa miezi minne, ikatembelea hoteli zote zinazotazamana na mlima, ikagundua jambo ambalo wasiosoma hawakuliona. Machimbo yale yalipangwa kufunguliwa rasmi na Waziri siku ya Alhamisi. Mlima ulishuka Jumanne. Kwa hiyo siku ya Jumanne pale hapakuwa na machimbo, na mtu hawezi kufia mahali ambapo hapajafunguliwa. Tume ikahitimisha kwamba wachimbaji wote kumi na mmoja wako kazini hadi itakapothibitishwa vinginevyo, ikawatakia kazi njema.

Mwaka wa pili Fabiani akapandishwa cheo. Barua ya pongezi ililetwa nyumbani kwa Kasiani kwa pikipiki, ikiusifu utulivu wake kazini.

Kasiani akaenda nayo Wizarani. Mkurugenzi wa Sanamu alikuwa Bwana Makarai, mtu mpole, mnene wa mashavu, ambaye alikuwepo tangu Kiongozi wa Kwanza na atakuwepo hadi mwisho wa hadithi, kwa hiyo msomaji amzoee.

"Mheshimiwa, naomba kipande cha jiwe tu," Kasiani akasema. "Hata cha kukalia kingenitosha. Niandike majina yao."

"Fundi, kumbukumbu ni ya marehemu," Makarai akamjibu kwa huruma ya kweli kabisa. "Hawa wako kazini. Sasa wewe ukimchongea mtu aliye kazini jina lake kwenye jiwe, unamwombea nini? Si uchuro huo?"

"Mama zao wanalia, Mheshimiwa."

"Na sisi tunalia nao. Ombi lako lina mashiko. Andika barua, mchakato uanze."

Akaandika. Mchakato ukaanza, na kwa taarifa nilizonazo bado unaendelea vizuri.

Kasiani hakuwa jasiri. Nasema mapema ili msomaji asije akamtegemea. Alikuwa mtu wa kuitikia "ndiyo" kabla hajaulizwa, hasa na mwenye suti. Lakini alikuwa na tindo, na sanamu ilikuwa na mgongo. Chini ya mkunjo wa joho la Kiongozi wa Kwanza, mahali ambapo hakuna mkaguzi ambaye angeinama, akayachonga majina kumi na moja, herufi moja moja, kila herufi urefu wa kidole. Alilia akichonga la Fabiani, na machozi yakafanya vumbi la jiwe kuwa tope kwenye herufi ya kwanza, ikabidi aisafishe kwa mswaki.

Sanamu ikasimamishwa uwanjani, uso ukitazama watu, mgongo ukitazama ukuta wa Wizara, na katikati pakabaki kijinjia cha kupita mtu mmoja kwa ubavu. Siku ya uzinduzi Waziri alisimama akatamka maneno ambayo yalifundishwa shuleni miaka mingi baadaye: "Ndugu wananchi! Jiwe hili halikuchimbwa na mtu. Limetoka mlimani lenyewe, kwa hiari yake, kwa mapenzi yake kwa Kiongozi!" Watu wakapiga makofi. Wazazi kumi na mmoja nao wakapiga, kwa kuwa walikuwa mstari wa mbele na waliangaliwa.

Makofi yalipokwisha Kasiani akawapitisha nyuma mmoja mmoja. Bi Tekra, mama yake Modesti, hakujua kusoma. Kasiani akamshika kidole akakipitisha kwenye jiwe: hapa milima miwili, hapa duara, hivi ndivyo linavyoanza jina la mwanao. Bi Tekra akairudia ile milima miwili na lile duara mpaka akalijua, akalibusu.

Tangu hapo, kila mwaka Jumanne ya mwezi ule, akina mama walipita kwa ubavu na makopo ya maua ya porini, wakayaacha nyuma ya Kiongozi.

Kiongozi wa Kwanza akastaafishwa kwa ajili ya afya yake, ambayo ilikuwa nzuri. Kiongozi wa Pili akataka sanamu, ila machimbo yalikuwa yamefungwa ili wachimbaji wasisumbuliwe kazini. Makarai akaja uwanjani, tayari na beji mpya kifuani.

"Jiwe si lipo, Fundi? Toa huyu, weka huyu."

Kiongozi wa Pili alikuwa mwembamba, basi akapatikana ndani ya yule wa Kwanza bila shida. Shida ilikuwa mgongo. Kasiani aliyaondoa majina yote kumi na moja kwa tindo lile lile lililoyaweka, akayatazama yakianguka chini vipande vipande, kisha akayachonga upya yakiwa madogo zaidi. Yakaenea, kwa kubanana.

Kisha akaja Kiongozi wa Tatu, na Kiongozi wa Tatu alikuwa na tumbo.

"Ongeza," Makarai akasema.

"Mheshimiwa, jiwe haliongezwi. Jiwe hupunguzwa tu."

"Fundi Kasiani, umeanza siasa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ndivyo lilivyo jiwe."

"Mbona bajeti ya Wizara inaongezwa? Mbona mipaka ya wilaya inaongezwa? Jiwe ni nani katika nchi hii?"

Ikaundwa Kamati ya Tumbo. Wajumbe saba wakasafiri nchi tatu kutazama matumbo ya mawe, wakarudi na ushauri wa kitaalamu: kwa kuwa tumbo haliwezi kuongezwa, vipunguzwe vingine vyote. Kasiani akapunguza miguu, akapunguza mabega, akapunguza kichwa mpaka kikawa kama embe, na tumbo likatokea lenyewe. Kiongozi alifurahi sana, akasema hajawahi kufananishwa vizuri vile. Sasa sanamu ilimfika Kasiani begani. Mgongoni palienea majina sita.

Kasiani alikaa siku mbili mbele ya ule mgongo bila kugonga hata mara moja. Nani abaki, nani aondoke? La Fabiani aliliandika kwanza bila kujiuliza, na baadaye hilo lilimwumiza kuliko mengine, kwamba hakujiuliza. Nafasi zilizobaki akawapa wale ambao watu wao walikuwa bado wanakuja. Bi Tekra alikuwa hajaonekana miaka miwili, watu walisema miguu imevimba, huenda hatembei tena. Kasiani hakulichonga jina la Modesti, wala mengine manne.

Jumanne ya mwaka ule Bi Tekra akaja. Alikuja kwa mkongojo, akapita kijinjia kwa ubavu akihema, akaweka kidole kwenye jiwe. Akatafuta juu, akatafuta chini. Akaanza tena upande wa pili. Kasiani alikuwa amesimama hapo hapo na alitamani ardhi ifunguke.

"Fundi, milima yangu siioni. Ni macho au ni kidole?"

"Ni mvua, mama," Kasiani akasema. "Mvua imelila."

Bi Tekra akaligusa jina lililokuwa pembeni, kali na zima kabisa. Akaweka kopo lake la maua chini, akarudi alikotoka. Kasiani usiku na mchana alibaki na kile kidole cha mama machoni, na akajichukia sana.

Kiongozi wa Nne alikuwa mwembamba tena, lakini alitaka achongwe akipunga mkono. Mkono ulibidi utolewe kwenye tumbo la mtangulizi wake, na ulipokwisha kutoka, sanamu ilimfika Kasiani kiunoni. Wizara ikatoa mwongozo kwamba kila sanamu inapopungua kimo, kipaza sauti cha uwanjani kiongezwe. Mgongoni yalibaki majina matatu: Fabiani, Deogratiasi na Severini. Mtu akitazama kwa mbele aliona mkono mkubwa ukipungwa na kitu kidogo kilichoshikamana nao.

Kiongozi huyu alikuwa na tabia moja ambayo wenzake hawakuwa nayo: alihesabu maua. Mwaka wake wa kwanza akauliza kwa nini maua ya wananchi yamewekwa nyuma yake na si mbele yake. Swali likapelekwa Bungeni, likajadiliwa siku nne. Mbunge mmoja, machozi yakimtoka, akaeleza: "Mheshimiwa Spika, wananchi wanampenda Kiongozi kiasi kwamba wanaona haya kumtazama usoni! Naafiki kwa asilimia mia mbili!" Bunge zima likaafiki. Likapitishwa azimio kwamba kwa kuwa taifa limeupenda mgongo, sanamu igeuzwe, mgongo utazame uwanja, taifa liutazame kwa uhuru.

Kasiani alipopata habari alikimbilia Wizarani mpaka kandambili moja ikamvuka njiani.

"Mheshimiwa Makarai, msigeuze! Mgongo haujapigwa msasa! Nipe siku mbili!"

"Siku mbili utazitoa wapi, Fundi? Bendi imeshafika."

Siku hiyo Kiongozi wa Nne alivuta pazia kwa mkono wake. Akainama, kwa kuwa sanamu ilikuwa fupi, akasoma kwa sauti kwenye kipaza sauti kilichoongezwa: "Fabiani. Deogratiasi. Severini." Bendi ikapiga kidogo, kisha ikasita.

"Hawa ni kina nani?"

Makarai akakaribia, jasho likimchuruzika kwenye beji. "Ni... ni watumishi wetu wa machimbo, Mheshimiwa. Wako kazini."

"Mgongoni mwangu?"

Kesi ikasikilizwa wiki ile ile na Baraza la Heshima. Karani akatoka mlangoni akaita mara tatu kwa kila jina, akarudi akasema watuhumiwa wamekaidi wito. Ndipo Kasiani akasimama. Nilisema hakuwa jasiri, na hakuwa. Alishikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili ili asianguke.

"Ni mimi niliyechonga."

Mwenyekiti akaangalia karatasi zake. "Wewe jina lako ni Fabiani?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni Kasiani. Fabiani ni kaka yangu. Amekufa. Wamekufa wote, ni miaka ishirini na sita sasa, mlima uli..."

"Subiri. Unasema Tume ya serikali ilidanganya?"

Baraza zima likamtazama. Askari wawili wakasogea. Maneno yote Kasiani aliyoyapanga njiani yakamtoroka.

"Sijasema hivyo, Mheshimiwa."

"Basi kaa chini. Mhalifu ameandika jina lake mwenyewe kwa herufi safi kabisa, na wewe unataka kumpora kosa lake?"

Kasiani akakaa. Alisikia moyo wake ukigonga kama nyundo ya mtu mwingine.

Hukumu ikasomwa wamesimama. Kwanza, watuhumiwa walifukuzwa kazi tangu siku ile, baada ya utumishi wa miaka ishirini na sita bila likizo, na wakaagizwa kurudisha kofia za kazi. Pili, majina yao yachongwe kwa herufi kubwa kwenye Jiwe la Aibu, jiwe jipya, zima, lisimamishwe kwenye lango la uwanja likitazama watu, na serikali yoyote itakayokuja isiruhusiwe kulipunguza. Tatu, kila apitaye asimame mbele ya jiwe hilo, avue kofia, ainamishe kichwa dakika moja kwa fedheha, bila kusema neno. Nne, kazi ifanywe na fundi Kasiani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Jiwe likaagizwa Mlima Kigoda hapo hapo. Msomaji atakumbuka kwamba kipande cha kukalia kilikuwa kinashughulikiwa kwa mwaka wa ishirini na nne. Hili lilifika baada ya siku tisa.

Lakini kabla Baraza halijafungwa, Kasiani aliinua mkono. Aliuinua nusu, kama mtoto asiye na uhakika wa jibu. Alikuwa amefikiri jambo wakati hukumu inasomwa, na lilikuwa jambo la kutisha, na hakuona jingine.

"Kuna nini tena, Fundi?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti... hawakuwa watatu."

"Unasemaje?"

"Walikuwa kumi na mmoja. Wanane walifuta majina yao wasikamatwe. Mimi nawajua."

"Wataje," Mwenyekiti akasema.

Kasiani akawataja. Alianza na Modesti. Aliwataja wote wanane, kwa jina la kila mmoja, la baba yake na la kijiji chake, wafu wasio na kaburi, akiwashitaki mbele ya serikali, na sauti ilimtetemeka mpaka karani akamwomba arudie. Mwenyekiti akaamuru waongezwe kwenye hukumu. Kisha akatoka mezani akamkumbatia Kasiani, na siku ya tatu yake Kasiani akapewa cheti cha Mtoa Taarifa Bora wa Mwaka. Alikipokea kwa mikono miwili, akaenda nyuma ya jengo akatapika.

Alipopata nguvu alimfuata Makarai. "Mheshimiwa, sasa si wameshafukuzwa kazi? Hawako kazini tena. Je, sasa wanaweza kufa?"

Makarai alifikiri kwa uaminifu. "Hakuna kinachozuia," akasema. "Waombe wenyewe, kwa maandishi."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Juu kabisa palitakiwa maneno makubwa: WASALITI WALIOICHAFUA SURA YA TAIFA. Kasiani aliwaza kuyachonga juu juu, mvua iyafute, lakini Makarai alikuja kila asubuhi na kijiti cha kupimia kina cha yale maneno ya juu, nusu kidole kamili. Majina hayakupimwa na mtu. Basi Kasiani akayazamisha kidole kizima, akayapiga msasa ndani mpaka yakawa laini kama bakuli. Alipiga hesabu: kwa mvua za nchi ile, maneno ya juu yatafutika baada ya miaka mia tatu hivi, na majina yatakuwa bado yapo. Hilo ndilo alilojiambia kila jioni akikusanya vyombo vyake, na jioni nyingine lilimsaidia.

Jiwe likasimamishwa. Sheria ikaanza kufanya kazi. Wenye mikokoteni, makarani, wanafunzi, wote waliopita langoni walisimama, wakavua kofia, wakainamisha vichwa dakika moja kwa kimya, na askari aliyekuwa pale na saa aliwahimiza wainame vizuri zaidi.

Bi Tekra akaja Jumanne. Alikuwa mzee sana sasa, macho yamekuwa na ukungu, na kopo la maua alilifunga kiunoni kwa khanga ili mikono yote ishike mkongojo. Safari hii hakupita kwa ubavu; alikuja kwa mbele, katikati ya njia. Kasiani alimshika mkono akampeleka karibu na jiwe, akakiachia kidole kitafute chenyewe. Kikapanda, kikashuka, kikaangukia milima miwili, na baada ya milima, duara.

"Uliniambia mvua ililila," Bi Tekra akasema.

"Nilikuambia hivyo, mama."

"Limerudi. Na limeingia ndani hasa, kidole kinazama." Alikaa nalo kitambo. Kisha akageuza kichwa, akausikia ule ukimya wa watu wengi, akakaza macho yake ya ukungu akaona vivuli vyao vimeinama mstari mzima mpaka barabarani. "Hawa wote wanamwinamia nani?"

"Wanawainamia hao kumi na mmoja."

"Na Modesti wangu?"

"Na Modesti."

Bi Tekra akaanza kulia bila sauti. Mkono wake ukapanda juu ya majina, ukafika kwenye yale maneno makubwa, ukatambaa herufi kwa herufi. "Haya siyajui. Haya makubwa ya juu yanasemaje, fundi?"

Kasiani akafungua mdomo. Askari mwenye saa alikuwa hatua tatu tu, amegeuka kumtazama. Bi Tekra alisubiri, uso umeinuka kwake, umelowa. Kasiani aliufunga mdomo, akavua kofia yake yenye vumbi, akainamisha kichwa kama sheria inavyotaka, na dakika yake ilipokwisha hakuinuka.

"Basi acha," Bi Tekra akasema, akimpapasa bega. "Najua ni maneno mazito. Utanisomea mwakani."